HEET na wahadhiri wa vyuo binafsi Mwanza

Umeuliza kama mhadhiri wa SAUT, chuo binafsi kilichopo Malimbe, Mwanza, anaweza kuomba hela ya HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, ili abuni mbinu mpya za kufundishia. Hapana mkuu, hawezi. Ile hela ni mkopo wa Benki ya Dunia kwa serikali, dola milioni 425, ulioidhinishwa 2021, na walengwa ni vyuo vya umma. Ndiyo maana huku Kanda ya Ziwa unauona mradi huo kwenye chuo cha umma cha Butiama na kwenye kampasi ya UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) Kagera, siyo Malimbe. Ila vyuo binafsi havijakosa kabisa: CUHAS, chuo binafsi cha afya pale Bugando, iliingia na MUHAS (chuo cha afya cha umma Dar es Salaam) na chuo cha KCMC cha Moshi kwenye mradi wa THET wa kuboresha elimu ya afya, fedha za NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, kuwanoa walimu na kuoanisha mitaala. Sema huo ulikuwa wa afya tu, kwa hiyo mhadhiri wa fani nyingine, mfano uandishi wa habari, asijisumbue.