Maswali ya Wasomaji: Tabianchi ya Miji Mikubwa ya China

Swali: Binti yangu amepata nafasi ya masomo Harbin, na kijana wa jirani anakwenda Guangzhou. Je, wanaweza kununua nguo za aina moja? (Msomaji wa Dodoma)

Hapana, mzazi mwenzangu, hawawezi. Harbin iko kaskazini-mashariki ya China, karibu na latitudo ya 45, ilhali Guangzhou iko kusini kabisa, karibu na Tropiki ya Kansa. Mwezi Januari, wastani wa Harbin ni karibu nyuzi joto 18 chini ya sifuri, na mto Songhua huganda hata watu wakakata vipande vikubwa vya barafu yake na kujengea majumba ya tamasha la majira ya baridi. Siku hizohizo, Guangzhou huwa na wastani wa nyuzi 14 hivi. Ifikapo Julai tofauti hiyo hupungua sana, kwa kuwa Harbin hufikia nyuzi 23 na Guangzhou 29.

Sababu kubwa ni upepo. Wakati wa baridi, hewa nzito hujikusanya juu ya Siberia na Mongolia, mkandamizo wake hupanda, nayo hutiririka kuelekea baharini ikipitia kaskazini ya China kwanza, kisha hupoteza makali yake kadiri inavyokwenda kusini. Wakati wa joto upepo hugeuka, ukatoka baharini na kuleta mvua. Watu wa Pwani wanaufahamu mgeuko wa namna hii, kwa sababu kaskazi na kusi ni sehemu ya mfumo huohuo mpana wa pepo za msimu zinazotawala Bahari ya Hindi na Asia. Kuhusu nguo, binti asijaze begi masweta ya hapa nyumbani. Koti nene lililojazwa manyoya ya bata na viatu vya kutembelea kwenye barafu ni afadhali avinunue hukohuko Harbin.

Swali: Ramani inaonyesha Beijing na Madrid ziko karibu latitudo moja. Mbona Beijing ina baridi zaidi? (Msomaji wa Mombasa)

Madrid hupokea hewa iliyopita juu ya Bahari ya Atlantiki, ambayo huhifadhi joto wakati wa baridi. Beijing nayo haiko mbali na bahari, lakini katika miezi hiyo upepo hutoka bara, kwa hiyo bahari haiusaidii mji. Matokeo yake ni kwamba wastani wa Januari ni karibu nyuzi 3 chini ya sifuri mjini Beijing na nyuzi 6 hivi juu ya sifuri mjini Madrid. Baridi ya Beijing ni kavu, tena theluji si nyingi kama wageni wanavyodhani. Midomo hupasuka, ngozi hukauka, na mwanzoni mwa machipuko huja vumbi kutoka majangwa ya kaskazini-magharibi. Mvua ya mwaka haizidi sana milimita 550, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Juni na Agosti. Mvua inayokuja kwa mkupuo namna hiyo ina hatari zake: kati ya tarehe 29 Julai na 2 Agosti 2023, kituo kimoja cha Beijing kilipima milimita 744.8, yaani zaidi ya mvua ya mwaka mzima, na mafuriko yakaua watu.

Swali: Kaka yangu anasoma Shanghai na analalamika baridi kuliko rafiki yake wa Beijing, ingawa kipimajoto kinasema Shanghai kuna joto zaidi. Anadeka? (Msomaji wa Bukoba)

Hadeki, na nafurahi swali hili limeulizwa, kwa sababu takwimu za halijoto ya nje hazisemi lolote kuhusu chumba ambamo mtu analala. Januari, Shanghai huwa na wastani wa nyuzi 5 hivi. Lakini katika miaka ya 1950 serikali ya China iliamua kwamba mfumo wa pamoja wa kupasha nyumba joto utawekwa kaskazini ya mstari unaofuata milima ya Qinling na mto Huai. Beijing iko upande wa kaskazini: kwa kawaida kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 15 Machi maji ya moto hupita katika mabomba ya majengo, na mwanafunzi akiingia bwenini huvua koti. Shanghai, Nanjing na Wuhan ziko upande wa kusini, ambako nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa kuta zisizozuia baridi, na wakazi hutegemea viyoyozi, mablanketi ya umeme na nguo nzito zinazovaliwa hata mezani.

Mstari huo haukuchorwa kiholela. Unakaribiana na mahali ambapo wastani wa Januari hufika sifuri na ambapo mvua ya mwaka hufika milimita 800. Kaskazini yake hulimwa zaidi ngano, kusini mpunga. Ila kwa mtu anayeishi hatua chache kusini yake, baridi ya nyuzi 3 ikichanganyika na unyevunyevu na manyunyu ya siku nyingi hupenya hadi mifupani, na nguo zilizofuliwa hazikauki. Majengo mapya yameanza kuwekewa mifumo yake yenyewe ya joto. Kaka akipata nafasi ya kuchagua chumba, aulize kwanza kuhusu hilo.

Swali: Nafanya biashara Kariakoo na hununua bidhaa Guangzhou na Yiwu. Miezi ipi ni mizuri kusafiri? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Kwa kuangalia hali ya hewa peke yake, chagua Oktoba na Novemba. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, na awamu ya Oktoba hukutana na hewa kavu na anga safi. Machi na Aprili unyevunyevu wa Guangzhou huwa mkubwa kiasi cha kuta na sakafu kutoka jasho, kisha mvua huongezeka hadi Juni, na kati ya Julai na Septemba kuna tishio la tufani. Yiwu inafanana zaidi na Shanghai. Jihadhari na Juni na mwanzo wa Julai, mvua inapoendelea kwa wiki kadhaa na maboksi ya nguo na viatu kushika ukungu ghalani.

Swali: Mji gani wa China unafanana na Nairobi? (Msomaji wa Nairobi)

Kunming, katika mkoa wa Yunnan. Uko mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo hupoza joto la kusini. Ulinganishe na Wuhan: wastani wa mwaka wa miji hiyo miwili unakaribiana, nyuzi 16 na 17 hivi, lakini Wuhan hutoka nyuzi 4 Januari hadi 29 Julai, ilhali Kunming hutoka 9 hadi 20 tu. Tofauti yake na Nairobi ni kwamba Kunming ina msimu mmoja wa mvua, Mei hadi Oktoba, na mara chache hewa ya Siberia huvuka milima na kuleta theluji.

Swali: Mimi nimezoea joto la Dar es Salaam. Chongqing itanishinda? (Mwanafunzi)

Huenda ikakushinda mwezi Julai na Agosti. Wachina huiweka Chongqing pamoja na Wuhan na Nanjing katika miji ya bonde la Yangtze wanayoiita tanuri. Tarehe 18 Agosti 2022, wilaya ya Beibei ya Chongqing ilifikia nyuzi joto 45, wakati ukame ulipopunguza maji ya mito na umeme wa mabwawa ukapungua katika mkoa jirani wa Sichuan. Dar es Salaam ina upepo wa bahari. Chongqing imezungukwa na milima, hewa hutuama, na joto la mchana hubaki mjini usiku kucha.