Maji yananuka dawa, siku nyingine hayanuki: yapi ya kuogopa?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Naishi Mabatini, mlimani kabisa, na nina wapangaji. Kwetu maji hutoka kwa zamu. Yakianza kutoka yana rangi ya udongo, baadaye yanakuwa meupe. Kuna siku yananuka dawa mpaka chai hainyweki, na kuna siku hayanuki kitu, watoto wanakunywa palepale bombani. Mama mkwe anasema bora maji ya ziwani ya enzi zao kuliko haya ya dawa. Nisaidie, yapi ni hatari?

Jibu: Nzuri, mama, na asante kwa kueleza vizuri. Mimi ningeogopa zaidi haya yasiyonuka, hasa ya dakika za mwanzo baada ya bomba kukaa kavu.

Tuanzie ziwani. Maji ya jiji letu la Mwanza yanavutwa kutoka Ziwa Victoria, upande wa Capri Point na sasa Butimba pia, ambako mtambo mpya una uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Ziwa hilohilo linapokea Mto Mirongo unaokatiza katikati ya mji na kila kinachotupwa humo, linapokea magugu maji, na kuna majira mwani hujaa mpaka ufukwe unakuwa wa kijani kama rangi ya mlango. Kwa hiyo maji ya ziwa husafishwa kwa hatua. Shabu au dawa ya namna hiyo hukusanya tope liwe mabonge yanayozama, yanayobaki huchujwa kwenye mchanga, na klorini, ndiyo hiyo dawa unayoinusa, huja mwisho kuua vijidudu.

Mpangilio huo una sababu. Kijidudu kilichojificha ndani ya chembe ya tope hakifikiwi na klorini, ndiyo maana kabla ya kutia dawa tunataka maji yawe meupe kweli, ikiwezekana chini ya NTU 1, kipimo cha ukungu wa maji. Kisha klorini ipewe muda: walau nusu saa kabla ya maji kumfikia mnywaji wa kwanza. Na mwani usichukuliwe kuwa uchafu wa kawaida. Aina fulani zina sumu ndani ya seli zake. Ukizimwagia klorini nyingi zikiwa nzima, zinapasuka na kuachia sumu majini, kwa hiyo ni lazima zitolewe kwanza. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, maji ya kijani ya ufukweni hata yakichemka kutwa nzima si ya kunywa.

Sasa hiyo harufu. Mtamboni tunatia klorini kuliko inayohitajika pale, kwa makusudi, ili nyingine isafiri na maji mpaka bombani kwako. Hiyo inayobaki ndiyo mlinzi wa njiani. Shirika la Afya Duniani linataka bomba la mwisho kabisa libaki na angalau miligramu 0.2 kwa lita, na kiwango cha juu kwa maji ya kunywa ni miligramu 5. Pua za watu wengine hunusa hata 0.3. Kwa hiyo kunusa dawa ni kitu cha kawaida, wala hakumaanishi umewekewa sumu. Kuna jambo jingine watu hawalitarajii: klorini ikikutana na amonia au uchafu unaooza, huzaa viambata vinavyonuka vikali kuliko yenyewe. Harufu ikizidi ghafla, mara nyingine ina maana dawa imekuta kazi njiani. Ikipotea kabisa, huenda kazi imekuwa kubwa na dawa imekwisha.

Kwa nini ikute kazi njiani wakati maji yametoka mtamboni safi? Hapa ndipo penye shida yako, mama, na mlima unachangia. Bomba lenye maji na msukumo likiwa na ufa, maji hutoka nje. Ni hasara, lakini uchafu hauingii. Maji yakikatwa, walio bondeni wanaendelea kufungua mabomba yao, maji yaliyomo yanateremka kwao, na bomba la mlimani linabaki likinyonya. Jaribu siku yakikatika: fungua koki, weka kiganja mdomoni mwake. Ukisikia inakivuta, ujue kila ufa kati yako na barabarani nao unavuta. Na mabomba mengi mtaani yamepita ndani ya mitaro, mengine jirani na vyoo vya shimo. Mpira wa jirani uliozama kwenye beseni la kufulia nao hunyonya. Povu lake linaweza kuishia kwenye kikombe cha mwanao. Pampu zinazofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ni mbaya zaidi, maana zinatengeneza mnyonyo huo hata siku maji yapo. Mpangaji akikuomba ruhusa ya kufunga moja, mkatalie.

Ndiyo maana mimi, ukiniuliza mji unalindaje maji yake, nitakutajia msukumo usiokatika kabla ya kutaja mtambo wowote.

Upimaji una vurugu yake. Mpimaji wa vimelea huunguza mdomo wa koki kwa moto na kukinga maji kwenye chupa yenye kemikali ya kuizima klorini, isije ikaendelea kuua wadudu njiani na kutudanganya. Maabara huchuja mililita 100 kwenye karatasi laini na kuiatamisha kwenye nyuzi 44. Vikijitokeza vidoa vya manjano, kuna kinyesi kwenye maji. Kiwango kinachokubalika cha E. coli, bakteria wa kinyesini, ni sifuri. Tatizo, jibu linapatikana kesho yake, na maji yenyewe mmeshayanywa jana. Kwa hiyo kipimo cha kila siku ni kile cha klorini: kidonge kidogo kwenye kichupa cha maji, yakigeuka waridi dawa ipo, yakibaki meupe haipo. Hakizidi dakika chache.

Nyumbani kwako, maji ya kwanza yakinge ndoo ya kudekia mpaka yatakate, ndipo ufungulie tanki. Tanki la lita 1,000 likishasuguliwa, lijaze, tia gramu 75 hivi za klorini ya unga ya asilimia 65, liache usiku kucha, kisha yamwage yote. Usiyanywe hayo. Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yawekwe kwenye ndoo yenye koki, maana kikombe kinachochovywa na mikono mitano kinarudisha ulichokwisha kuua. Harufu ya dawa inayokukera kwenye chai itapungua sana yakikaa wazi kidogo kabla ya kuchemshwa.

Enzi za mama mkwe ufukwe ulikuwa na watu wachache, siwezi kubishana naye. Lakini kichocho kilikuwepo, na hicho huingia kupitia ngozi hata kabla hujanywa.

Ukienda ofisi ya maji, usiishie kulalamika harufu. Waombe waje na kile kichupa wapime kwenye bomba lako la juu kabisa, ndani ya nusu saa ya kwanza maji yanapofunguliwa, kisha wapime tena baada ya saa tatu. Namba mbili hizo zikitofautiana sana, fundi anajua aanze kuchimba upande gani.