Usimtimue kesho!

Mkuu, habari ya kamera iache kwanza. Umeuliza ghala lako la alizeti hapo Kibaigwa liwekwe kamera ngapi, na uchukue mlinzi wa kampuni au wa mtaani, halafu mwishoni umechomekea kwamba mtunza stoo ana upungufu wa mzigo na "kesho namtimua". Hilo la mwishoni ndilo litakalokumaliza.

Nilikuwa na ghala la alizeti humo humo wilayani Kongwa. Siku moja mnunuzi kaja na lori, makuli wakaanza kushusha magunia kutoka kwenye rundo. Aliyekuwa juu akaniita: "Bosi, panda uone." Nikapanda. Safu za nje zimepangwa vizuri hadi karibu na bati, katikati shimo kama kisima, ukichungulia unaona sakafu. Magunia 64 hayapo. Ufunguo anao mtunza stoo, daftari analo yeye, na kuhesabu anahesabu yeye.

Nikampigia jamaa mmoja aliyekuwa akijiita mshauri wa mambo ya ajira. Akaniambia, "Ghala lako, mali yako, mfukuze leo leo. Mwizi atashtaki wapi?" Na hela nikamlipa kwa maneno hayo! Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka. Jioni ile nikamtoa yule kijana getini mbele ya makuli, bila barua, bila kikao. Lile shimo hata picha sikupiga. Kesho yake mzigo uliobaki ukauzwa, ushahidi wangu ukaondoka na lori.

Siku 30 hazijaisha, akafungua mgogoro CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi. Ikawa kila tarehe natoka Kongwa kwenda Dodoma mjini. Na kule mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alimwachisha mtu kwa haki. Nikaulizwa: barua ya tuhuma iko wapi? Muhtasari wa kikao? Nani mwingine alihesabu? Nikabaki natazama meza. Nikaamriwa kumlipa mshahara wa miezi 12, juu ya magunia yaliyokwisha kwenda.

Ndugu yangu, usimfukuze mtu ambaye hujamwandikia wala kumsikiliza, hata kama umemkuta na gunia begani. Kesho hesabuni mzigo yeye akiwepo, pamoja na mtu wa tatu, wote watie saini. Piga picha. Mpe barua ya tuhuma, mpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na mruhusu aje kwenye kikao na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chao cha wafanyakazi. Ukihofia atavuruga ushahidi, msimamishe kwa mshahara kamili uchunguzi ukiendelea. Polisi nenda, ila kuripoti polisi hakukuondolei wajibu wa kikao hapo kazini.

Kumlipa mtu unayemshuku kunauma, najua. Huo ni mshahara wa wiki chache tu, mimi nimelipa wa mwaka. Ukishaandika barua ya tuhuma iweke hapa, futa majina, niipitie kabla hujamkabidhi.