Jibu: Python inanipa 1200 badala ya 1300

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, programu yako ya mauzo ya duka la Kariakoo inakadiria bei kwenye mamia ya karibu, ila amri ya kukadiria ya Python (lugha ya kuandikia programu), round(1250, -2), inaleta 1200 huku 1350 ikiwa 1400.

Hapo hakuna hitilafu. Python 3 ikikuta namba iliyo katikati kabisa huipeleka upande wa shufwa: 1250 iko katikati ya mia 12 na mia 13, na 12 ni shufwa, 13 ni witiri. Kwenye takwimu ni jambo zuri, lakini kwenye risiti utagombana na watu kila siku.

Kwanza hakikisha bei ni namba kamili, shilingi bila senti. Kama ndiyo, achana na round, andika:

(bei + 50) // 100 * 100

Alama // hugawanya na kushusha hadi namba kamili. 1250 inakuwa 1300, 1249 inakuwa 1200. Ukitaka kukadiria kwenye hamsini ya karibu, weka + 25, na 50 badala ya 100.

Angalia sana bidhaa zinazorudishwa: -1250 itatoka -1200, mteja apunjwe mia yake. Kadiria bila alama ya hasi, kisha uirudishe.

Bei zikiwa na desimali, tumia Decimal (aina ya namba ya Python inayotunza desimali kamili) na ROUND_HALF_UP (kanuni ya kupandisha nusu), na uipe namba kama maandishi, '2.675'. Halafu kadiria jumla ya risiti tu, usikadirie kila bidhaa.