Linganisha Tope na Tope: Kwa Mnaoanza Kupima Uchafuzi wa Pwani

Wengi mnaoingia kazini hukimbilia maji. Mnateka chupa moja Mto Msimbazi unapoingia baharini, karibu na Daraja la Selander jijini Dar es Salaam, mnaipeleka maabara na kusubiri jibu. Jibu hilo ni la saa ile tu. Maji yakipwa, mto ndio unaotawala pale. Yakijaa, bahari inausukuma nyuma, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, tofauti hupita meta 3. Kwa hiyo daftarini iandikwe saa, hali ya maji, kiwango cha chumvi, na kama jana mvua ilinyesha. Namba isiyo na taarifa hizo mimi siitumii. Sampuli za bakteria ziwekwe kwenye barafu na zifike maabara ndani ya saa 6, basi panga na watu wa maabara kabla hujapanda boti.

Mashapo, yaani tope na mchanga uliotua chini ya maji, ndiyo yanayotunza habari za miaka. Petroli yenye risasi, ile metali nzito yenye sumu, iliachwa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua chini ya bahari haikuondoka.

Hapa nawaomba mtulie. Risasi, shaba na zinki hushikana zaidi na chembe laini. Ukichukua mchanga wa Coco Beach na tope la mikokoni Mtoni, Mtoni patazidi hata kama hakuna kiwanda kilichomwaga kitu. Chekecha ubaki na chembe zilizo chini ya mikroni 63, au pima pia aluminiamu, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye udongo wenyewe, kisha tazama uwiano. Risasi ikipanda na aluminiamu ikabaki palepale, sasa tafuta bomba linalomwaga uchafu.

Chombo cha kunyakua tope kikipanda, yaache maji ya juu yachuruzike polepole, maana yakitoka kwa kishindo huondoka na tabaka jipya. Mara nyingi tope ambalo halijavurugika lina utando wa kahawia juu na weusi chini. Vikiwa vimechanganyika, mwaga, sogea kidogo, shusha tena. Chota sentimeta 2 za juu kwa kijiko cha plastiki, katikati, mbali na kuta za chuma.

Pima na chaza pia, kwa sababu si risasi yote ya topeni inayoingia mwilini mwa kiumbe. Na akina mama wanaookota chaza pale muwape matokeo mapema, kwa Kiswahili, kabla ripoti haijafungiwa kabatini. Chaza hao ndio chakula cha watoto wao.