Fisi maji saizi ya simba, kweli au stori?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi mvuvi huku Musoma, fisi maji nawajua vizuri sana maana wananitobolea nyavu na samaki wananiachia kichwa tu, ila ni mnyama mdogo. Juzi kijana wangu kaniambia eti Ethiopia walikuwepo wa saizi ya simba na wataalamu wamewasoma kwenye meno. Hivi meno yanasema nini?
– Mvuvi, Musoma

JIBU: Pole na nyavu mzee wetu. Kijana hajakudanganya. Huyo anaitwa Enhydriodon omoensis, alitangazwa 2022, mabaki yake ni ya bonde la mto Omo, ule unaomwaga maji Ziwa Turkana. Anakadiriwa alikuwa na kilo 200 hivi, na aliishi kati ya miaka milioni 3.5 na 2.5 iliyopita, enzi za wale mababu wa binadamu walioanza kutembea wima (sijui walikuwa wanachotaje maji mtoni jamani).

Sasa meno. Huyo wako wa ziwani ana meno makali ya kukata kwa sababu samaki anateleza, lakini wa Omo magego yake ni mapana yana vinundu vya mviringo, ya kupasulia vitu vigumu, kama ya fisi maji wa bahari ya Pasifiki anayevunja kome na kaa, kwahiyo ukiangalia umbo tu unasema huyu alishinda majini. Kumbe wapi! Walipopima kemikali kwenye ganda la jino, manake jino likiota linahifadhi alama ya maji uliyokunywa na chakula ulichokula, oksijeni yake ikafanana na ya wanyama wa nchi kavu, na kaboni ikaangukia huko kwa kina simba na fisi. Yaani kwenye jina letu hapo "fisi" inamkaa kabisa, "maji" ndo ina walakini.

Na usidhani wote wenye magego ya vinundu ni mtu na kaka yake. Kuna mwingine wa Yunnan, China, Siamogale melilutra, kilo 50 hivi, miaka kama milioni 6.2 iliyopita, naye anayo, na waliomchambua wanasema meno ya namna hiyo yamejitokeza kwenye ukoo wa fisi maji si chini ya mara 3, kila tawi kivyake.