Ndago ndani ya ndoo

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni mmea gani wenye harufu nzuri unaoukuza nyumbani, na unauzalishaje? Najua wengi wataandika mchaichai na rehani. Wangu mimi ni ndago. Ndiyo, gugu lile lile mnalong'oa shambani.

Mama mkwe, mzaa bwanangu, analima mpunga Ahero. Kila akitutembelea hapa Kisumu husimama mbele ya ndoo zangu akaguna: "Wenzako tunalipa vibarua waitoe, wewe waimwagilia maji!" Simlaumu. Katika shamba, ndago ni adui wa kweli. Ila ukichimbua kijiazi chake, ukakiosha na kukivunja kwa ukucha, utasikia harufu ya kuni kavu na udongo uliopigwa na mvua, na kwa mbali kafuri. India mizizi ya ndago na jamaa zake huitwa nagarmotha, na mafuta yake hutiwa katika manukato na ubani wa vijiti. Sisi tunaichoma pamoja na takataka.

Kwanza hakikisha ni ndago yenyewe. Zungusha shina la ua kati ya vidole: la nyasi za kawaida ni mviringo, la ndago lina pembe tatu. Halafu kuna ndago mbili zinazochanganywa sana. Moja ina maua ya rangi ya manjano na vijiazi vitamu vya kutafuna, kila kimoja kwenye ncha ya mzizi wake. Hiyo waachie watoto. Ya harufu ina maua ya hudhurungi iliyoiva, vijiazi vyake ni vichungu, na vimefuatana kwenye uzi mmoja kama shanga.

Uzi huo ndio siri yote ya kuizalisha. Mbegu zake huota kwa shida sana, usizihangaikie. Uzi ukiwa mzima, vijiazi vichache huchipua na vingine hulala tu, vikizuiliwa na wenzao. Ukikata, kila kijiazi hujiona kiko peke yake na kuamka. (Ndiyo maana mkulima akipitisha jembe mara moja kwa hasira, wiki chache baadaye anaikuta imeongezeka.) Basi chagua vijiazi vigumu, vitenganishe kwa kisu, vifukie kina cha vidole viwili, umwagilie. Wakati wa masika hata maji hutahitaji kuchota.

Udongo mweusi mtupu wa tambarare za Kano, huku kwetu Kisumu, haufai kwenye ndoo. Ukikauka unakuwa tofali, na siku ya kuvuna utavunja ndoo kabla ya kupata mzizi. Mimi huchanganya na mchanga wa mto na samadi iliyooza. Wengine hudhani lazima isimame ndani ya maji, kwa kuwa mafunjo ya Dunga, yale yanayoota kando ya ziwa, ni ndugu zake. La, unyevu unatosha. Isichoweza kuvumilia ni kivuli: ukiiweka chini ya mwembe itanyong'onyea, kwa hiyo ipe jua la kutwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Usiipande ardhini, hata kwenye kona moja ndogo tu. Usitumie mfuko wa plastiki wala gunia, kwa sababu chipukizi lake ni kali na hutoboa plastiki laini kutoka chini. Tumia ndoo ngumu au karai kuukuu, uitoboe matundu madogo ya kutoa maji, kisha uiinue juu ya matofali ili mizizi itakayochungulia uione na kuikata. Kata maua kabla hayajakomaa. Udongo uliobaki baada ya kuvuna usiutupe kwenye lundo la mbolea wala mtaroni. Mafuriko yakija, jirani wa chini atakuwa na ndago asiyoiomba. Utandaze juu ya bati juani mpaka kila kijiazi kisinyae kabisa, kwani ukavu ndio unaokiua.

Baada ya miezi mitatu minne ndoo huwa imejaa. Pindua yote, sugua vijiazi kwenye maji mpaka vinyweleo vitoke, vikate vipande vyembamba na uvianike kivulini. Jua kali hupeperusha ile harufu unayoitafuta. Vikishakauka, tia kwenye chupa yenye kifuniko. Mimi hufunga kiasi ndani ya kitambaa na kukiweka katikati ya leso kabatini, na jioni hudondosha vipande viwili vitatu juu ya makaa. Dawa za kunywa siandiki hapa, hizo waulizeni wanaozijua.

Juzi mama mkwe alipoondoka aliomba chupa moja, akaniambia nisiwaambie wenzake wa Ahero.